Gari Lisilonguruma

Bi Tome Iwase alisema maneno yake ya mwisho akiwa ndani ya maji ya moto, mkono wake mkononi mwa mwanawe, na injini ikayameza.

Hisae Komatsubara ndiye aliyekuwa ameiwasha injini ile. Gari lilikuwa lake, na kazi ilikuwa yake. Pale Yuzawa, mji wa milimani wenye theluji nyingi, na vitongoji vyake, mtu asiyeweza tena kuinuka kitandani hupelekewa bafu nyumbani. Hisae huendesha gari na kuchemsha maji. Ritsu, muuguzi, hupima presha na kukaa upande wa kichwa cha mgonjwa. Daigo, mwanamume mwenye mabega kama mlango wa ghala, hubeba hodhi la kuogea, huliunganisha katikati ya chumba, kisha humbeba mgonjwa na kumlaza majini. Ni kazi ya watu watatu na gari moja. Gari lenyewe lilikuwa la dizeli, na injini yake haikuweza kuzimwa tangu mpira wa maji uingizwe ndani hadi utolewe, maana ndiyo iliyoendesha pampu na feni ya boila. Vichochoro vya mji ule ni vyembamba, kwa hiyo gari huegeshwa palipo na nafasi, na mara nyingi nafasi huwa chini ya dirisha la mgonjwa.

Siku ile Bi Tome alikuwa na wiki kadhaa hajatamka neno. Maji yalipomfika kifuani alifumbua macho, akamtazama mwanawe Shigeharu, midomo ikaanza kucheza. Shigeharu akainama.

"Unasema nini, mama?"

Bibi akarudia. Ritsu, ambaye sikio lake lilikuwa shubiri moja tu kutoka kinywa kile, alisikia dizeli na hakusikia kingine. Shigeharu akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ndiyo, mama. Ndiyo." Bibi akafumba macho, uso umemlegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Kabla ya wiki kwisha akafariki.

Hisae na Ritsu walikwenda kumchomea ubani. Shigeharu aliwakaribisha kwa adabu, akawawekea mito ya kukalia, akawamiminia chai. Kisha akamgeukia Ritsu.

"Dada muuguzi, wewe ulikuwa karibu naye kuliko mimi. Mama alisema nini?"

Ritsu aliinamisha macho kwenye mkeka. "Sikusikia, Bwana Iwase. Nisamehe."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Yule bwana akazungusha kikombe kiganjani. "Mimi nilimwitikia ndiyo," alisema. "Nilidhani nikimuuliza mara ya tatu nitamchosha. Sasa nakaa hapa najiuliza. Nimemwahidi mama yangu jambo, na silijui ni lipi."

Hakuwalaumu. Hisae alitamani awalaumu, hata awafokee, maana kelele za mtu mwenye hasira angeweza kuzistahimili. Shigeharu aliwasindikiza hadi mlangoni akawainamia kwa shukrani.

Daigo alikuwa akiwasubiri garini. Alipoona nyuso zao hakuuliza. Hisae akashika usukani, asiwashe.

"Hili gari naliuza," alisema.

"Bosi, hili gari lina afya kuliko mimi."

"Ndiyo maana litapata mnunuzi. Wewe nani atakununua?"

Daigo alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa kuwa Ritsu kule nyuma alikuwa akilia.

Kuchagua gari jingine hakukuwa jambo jepesi. Bwana Onuki, muuzaji magari aliyekuwa akimhudumia Hisae tangu zamani, alimshauri achukue dizeli nyingine mpya. Zina nguvu, alisema, theluji haizitishi, na hutaumiza kichwa kuhusu umeme. Hisae akauliza kuhusu gari la umeme mtupu. Onuki akavuta pumzi kupitia meno, kama mwenye shaka.

"Litakuwa kimya, hilo sikukatalii. Lakini wewe unapanda milimani mwezi wa Januari, Bi Hisae. Ukiwasha hita ya gari, ukiendesha pampu nyumba tano, betri itaisha, utarudi kwa kuvutwa. Au utalala kwa mgonjwa."

"Kuna la katikati?"

Lilikuwapo. Lilikuwa la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme, na betri kubwa chini ya sakafu. Ubavuni mwa nyuma lilikuwa na soketi kama ya nyumbani, ya wati elfu moja na mia tano. Ukiegesha, soketi hula betri na injini inalala. Betri ikishuka, injini huamka yenyewe, huijaza, kisha hulala tena.

"Kwa hiyo si kimya kabisa," Hisae alisema.

"Si kabisa. Sitaki nikudanganye, halafu uje kunisema hapa mbele ya wateja."

Hisae hakutaka kununua kwa maneno. Aliwaleta Ritsu na Daigo na vyombo vyote hadi uwanjani kwa Onuki. Boila lao huchemsha kwa mafuta ya taa, kwa hiyo umeme wake ni wa feni na cheche tu. Wakalichomeka. Wakachomeka pampu, kisha mashine ya Ritsu ya kuvutia makohozi. Gari likatulia tuli, maji yakipanda kwenye mpira kama yanayovutwa na mkono usioonekana. Ritsu akasogea hadi karibu na boila, akafumba macho, akasikiliza. Kisha Daigo akachomeka mashine ya kukaushia nywele, na kila kitu kikazimika.

"Ala!" Daigo aliitazama ile mashine mkononi. "Kidude hiki?"

"Hicho peke yake kinakula kuliko vingine vyote pamoja," Onuki alisema. "Chochote cha kutoa joto kwa waya ni mlafi."

"Tutakausha kwa taulo," Ritsu alisema. "Au tutangoja pampu izimwe kwanza."

Lakini gari lile lilikuwa jembamba. Mashine ya kushushia na kupakilia hodhi, iliyokuwa ikimpunguzia Daigo mzigo, haikuingia, wala tangi la maji ya akiba. Maana yake hodhi lingeshushwa na kupakiwa kwa mikono, vipande viwili, kila nyumba. Hisae alimtazama Daigo; hakuwa na haki ya kumwomba hilo. Daigo aliufungua mlango wa nyuma, akapima kwa mikono, akaufunga.

"Mgongo ni wangu," alisema. "Chukua, bosi. Mimi siku ile nilikuwa nimeshika miguu ya yule bibi. Nami sikusikia kitu."

Wakalichukua.

Majira ya baridi yakapita na gari jipya likazoeleka. Hisae alijifunza tabia yake. Akifika nyumbani kwa mtu moja kwa moja kutoka barabara ndefu, betri inakuwa imejaa, na ukimya unatosha hadi wakati wa kusuuza, wakati ambao watu huwa wamelegea na huanza kuzungumza. Basi akapanga upya mzunguko wake kwa ajili hiyo. Wagonjwa wakaanza kusikika. Mmoja alilalamika kuhusu mkwe wake tangu kuingia majini hadi kutoka. Mwingine aliomba dirisha lifunguliwe asikie theluji ikiporomoka kutoka paani. Hisae, kwa mara ya kwanza tangu kifo cha Bi Tome, akaanza kulala vizuri.

Kisha wakafika kwa Mzee Nagatsuka.

Kanzo Nagatsuka alikuwa nyapara wa wakata mierezi milimani, mtu aliyezoea kuamrisha kwa kupaza sauti kutoka mteremko hadi mteremko, mpaka kiharusi kilipompoozesha upande wa kulia. Alikuwa ameogeshwa na kina Hisae kwa miaka, na katika miaka hiyo hakuwahi kusema zaidi ya kwamba maji ni ya moto au si ya moto. Akishalazwa majini huomba kitambaa kilicholowa, hujifunika uso, na hapo ndipo mazungumzo yanapoishia. Mkewe, Bi Mitsue, huwa jikoni wakati huo akikata figili zilizokaushwa kwa moshi kwa ajili ya chai ya wageni. Hakuwahi kuingia chumbani.

Siku hiyo Hisae alikuwa barazani akirekebisha mpira. Pampu ilikuwa imenyamaza. Akasikia sauti ndogo, kama mbwa aliyefungiwa nje, na mwanzoni hakuelewa inatoka wapi. Akageuka. Ritsu alikuwa amepiga magoti kando ya hodhi, mkono wake begani kwa mzee, akitazama pembeni. Kitambaa kilikuwa kinapanda na kushuka juu ya ule uso. Jikoni kisu kilikuwa kikigonga ubao, tak, tak, tak, kisha kikanyamaza.

Mzee naye akausikia ukimya wa kisu. Sauti ikakatika.

"Nitoeni," alisema chini ya kitambaa.

Walipomkausha na kumrudisha kitandani alisema tena, bila kumtazama mtu, "Leteni lile gari la zamani. Kama halipo, msije."

Bi Mitsue aliwafuata hadi garini akiwa amevaa kandambili za ndani kwenye matope.

"Tangu lini?" aliuliza.

Hisae akamgeukia Ritsu. Ritsu ndiye aliyesema, "Tangu tulipoanza kuja, mama."

Bi Mitsue akatikisa kichwa polepole, akarudi ndani, akasahau kuwapa chai.

Walipofika darajani Hisae akapunguza mwendo. "Ritsu, ulijua."

"Nilijua."

"Ulikuwa nami tulipolichagua gari hili, ukafumba macho, ukasikiliza. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, dada Hisae? Kwamba kuna mzee analia? Alijificha nyuma ya kelele, nami nikamwachia kelele zake. Halikuwa langu kulisema." Akafuta kioo cha dirisha kwa kiganja. "Na ungelijua, ungefanya nini? Ungemwacha Bi Tome mwingine aondoke vile vile?"

Daigo alikohoa. "Jamani, mimi nipo hapa katikati," alisema.

Wiki iliyofuata walikwenda, ingawa waliambiwa wasije. Mzee alikuwa amegeukia ukuta. Hisae akapiga magoti kando ya godoro, akainama.

"Mzee Nagatsuka, lile la zamani limeshauzwa. Lakini hili lina injini pia. Kuna namna ya kuiwasha isilale, ingurume tangu mwanzo hadi mwisho. Ukitaka, naiwasha sasa hivi."

Kichwa cha mzee kikaanza kutikisika kwa kukubali.

"Usiwashe."

Alikuwa Bi Mitsue, mlangoni, amekunja mikono ya kimono chake cha kazi na kuifunga kwa kamba. Hisae hakuwahi kuiona mikono ile hadi viwikoni. Ilikuwa imara, na ya mtu aliyefanya kazi.

"Toka, Mitsue," mzee alisema ukutani.

"Sitoki."

"Usinione."

"Nimekuona umelewa, umelala nusu uchi kwenye theluji, nikakuburuta hadi ndani. Nimekuona ukitapika kwenye harusi ya dada yangu. Nitashindwa kukuona ukilia?" Sauti ilimtetemeka, lakini hakuacha. "Miaka yote hii nakata figili kule jikoni, nikidhani hunitaki humu. Nikidhani ni afadhali mikono ya wageni kuliko yangu."

Daigo akatazama dari. Ritsu akajishughulisha na mashine ya presha ambayo haikuwa na kazi yoyote wakati ule.

Daigo alipomwinamia, mkono wa mzee, ule usiopooza, ulinyanyuka wenyewe na kumshika shingoni, kama kila wiki, na Daigo akamnyanyua.

Hisae alitoka nje kwenye vyombo vyake. Kupitia dirishani alisikia maji yakichotwa na kumwagwa, kisha sauti ya mzee: "Polepole! Mimi si sufuria!" na ya mkewe: "Sufuria ingekuwa imeshang'aa." Kisha kile kilio kikaja, safari hii wazi, bila kitambaa, kizito na cha aibu. Baada yake yakaja maneno. Hisae hakutaka kuyasikiliza. Alisogea mbali kidogo, hadi kwenye rundo la kuni.

Hapo ndipo betri iliposhuka na injini ikaamka. Hisae alikimbilia gari kama mtu aliyeona mtoto akielekea barabarani, akanyoosha mkono kwenye swichi, ingawa alijua kwamba akizima, maji nayo yatakatika. Akasimama vile vile, mkono hewani. Na juu ya ule mngurumo akamsikia Mzee Nagatsuka akipaza sauti, ile sauti yake ya mteremko hadi mteremko, ili mkewe asipoteze neno. Alikuwa akisema kwamba anaogopa usiku. Kwamba akiamka hajui mguu wake uko wapi.

Injini ililala tena baadaye kidogo. Hisae akaufungua mrija, maji machafu yakaanza kushuka mferejini yakitoa mvuke.

Walipomaliza, Bi Mitsue aliwaletea chai, nguo yake imelowa kifuani kote. Figili hazikuwapo, hakuwa amekata. Aliomba radhi kwa hilo, kisha akauliza kama kuanzia wiki ijayo wangeweza kufika baada ya saa nne, maana siku hiyo yeye huenda sokoni asubuhi, na angependa awe amesharudi.

Hisae alisema wataweza. Itabidi ahamishe nyumba mbili katika mzunguko wake, na mmoja wa wagonjwa hao hapendi kuhamishwa. Alimshukuru kwa chai, akainama, akaenda kumsaidia Daigo kupakia hodhi.