Ubao Safi wa Dada

Mimi ni mchora mabango, na mchora mabango hana chama, ana brashi. Uchaguzi uliopita niliwachorea wapinzani wa Mheshimiwa neno moja tu, kwa rangi nyekundu na herufi za kujaza ubao mzima: ATOKE. Hakutoka. Safari hii wakaja watu wa Mheshimiwa mwenyewe, nami nikaipokea kazi yao, maana hao hukatai ukabaki salama.

Walishusha mbao thelathini na mbili mbele ya karakana yangu. Nilizitambua kabla hazijagusa chini. Zilikuwa zile zile zangu, walizozing'oa kwenye nyua za watu baada ya kushinda wakazirundika stoo.

"Funika huo uchafu, fundi," alisema kiongozi wao. "Paka nyeupe, juu yake andika kwa kijani: NYUMBA HII IKO NAYE. Kila nyumba ya mtaa huu ubao mmoja. Alhamisi ziwe zimesimama."

Jina lake la mtaani ni Taratibu. Hapandishi sauti wala hatukani. Mtu akimpinga, yeye husema tu, "Taratibu, ndugu, taratibu," na hapo vijana wake wanashuka garini. Namwogopa, sioni haya kusema.

Nilitaka kumweleza kwamba nyekundu ina ukaidi. Usipoiziba kwanza na vanishi, ukaiacha ikauke, itapanda tu juu ya nyeupe, upake mara mbili upake mara kumi. Kila fundi anajua. Kazi ya namna hiyo ilihitaji wiki nzima na debe zima la vanishi, na yeye alinipa siku tatu. Badala yake niliinua ubao wa kwanza. Nikasema, "Sawa, mkuu."

Vanishi niliyokuwa nayo ilikuwa kiasi kidogo chini ya kopo, ya kutosha ubao mmoja. Sikujiuliza mara mbili niupake ubao wa nani.

Dada yangu anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mjane, na siku ile ya kura ya mwisho alikuwa wakala wa wapinzani kituoni. Walipomletea fomu ya matokeo atie saini, aliomba kalamu, akajumlisha, akajumlisha tena, akasema jumla haikubali na yeye hasaini hesabu mbovu hata wamletee bunduki. Wiki ile ile mlango wake ulikatwa kwa mapanga. Mpaka leo mbao alizozibia zinaonekana, mpya kwenye mlango mkuukuu. Taratibu kila akipita humwamkia kwa adabu na kumuuliza, "Mwalimu, hesabu zinasemaje?" Mtaa mzima ulijua kwamba walikuwa wanamtafutia sababu.

Dada ndivyo alivyo tangu utotoni. Nikivunja taa, nikimwaga mafuta, baba akiuliza ni nani, mimi nikiwa bado natafuta uongo wa kusema, dada keshasema, "Mimi." Fimbo zangu nyingi zilimwishia yeye mgongoni. Basi ubao wake niliuziba vizuri, nikaupaka nyeupe, nikaandika, na sikumwambia mtu.

Alhamisi mbao zilisimama. Ijumaa mvua ikanyesha kutwa. Jumamosi jua likatoka kali, na nilipofungua mlango asubuhi nikaona kwenye ubao wangu, chini ya maandishi ya kijani, A ya rangi ya waridi. Nikakaza macho. T ilikuwa inakuja nyuma yake.

Nikatoka barabarani. Kwa jirani imepanda. Kwa mshona viatu imepanda. Kufika saa tatu mtaa mzima ulikuwa unamwambia Mheshimiwa atoke, na nyuma ya kila pazia kulikuwa na jicho. Mwenye duka alikuwa amepiga magoti mbele ya ubao wake, anausugua kwa taulo la mkewe, na kadiri alivyosugua ndivyo nyekundu ilivyozidi kukolea.

"Fundi, umetuua," alisema bila kugeuka.

"Ni rangi tu. Imepanda."

"Kamwambie Taratibu hivyo. Ana masikio makubwa huyo."

Kuzing'oa hakuna aliyethubutu. Nyumba ya pembeni iliung'oa ubao wake Alhamisi ile ile, na Ijumaa haikuwa na mlango. Duka la rangi lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mkutano wa hadhara, na hata lingefunguliwa, vanishi haikauki kwa saa chache. Saa kumi alasiri Taratibu angekuja kukagua, kwa sababu kesho yake msafara wa Mheshimiwa ungepita hapo.

Nilirudi nikakaa kizingitini, huku moyoni nimejishikilia kwenye jambo moja. Mke wangu alikuwa anakunja nguo.

"Na wa wifi umepanda?" aliuliza.

"Wake haujapanda. Niliuziba na vanishi," nikasema, na nilisema kwa majivuno, Mungu anisamehe.

Mke wangu aliiacha nguo ikaanguka kwenye beseni. "Baba watoto, umemfanya nini wifi yangu? Zikipanda zote, ni kosa la rangi. Watakuzaba makofi, utapaka upya, yataisha. Ukibaki mmoja safi, na huo mmoja ni wa mwalimu, hilo si la rangi tena. Watasema aliuchafua mtaa mzima, akajiacha yeye msafi ili acheke."

Nimekaa na mwanamke huyu miaka ishirini na sita, na sijawahi kuombea awe amekosea kama nilivyoombea wakati ule. Lakini hakuwa amekosea.

Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa ya wazimu. Nilichukua kikombe, nikatia nyeupe, nikadondoshea nyekundu kidogo kidogo mpaka ikawa rangi ya ufizi wa mtoto, ile ile iliyokuwa mtaani. Nikafunika kikombe kwa kitambaa, brashi nikaitia ndani ya shati. Nyumba nne ni hatua sabini. Siku ile zilikuwa nyingi zaidi.

Dada alikuwa barazani na miwani yake, anasoma gazeti la mwezi uliopita.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona unanyata kama mwizi wa kuku?"

Nikamweleza yote. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akautazama ubao wake mweupe, kisha ule wa jirani.

"Kwa hiyo unataka kuandika neno lile mlangoni kwangu, mchana kweupe."

"Nataka ulingane na wengine, dada. Nakuomba."

"Miaka thelathini na moja nimechapa watoto kwa kunakili kwa jirani," alisema. "Haya, nakili. Na usikosee."

Nilipiga magoti. Nikaandika A, nikaifuta kwa kitambaa ififie. T. O. Dada alikuwa anaangalia barabara, gazeti amelishika juu chini. Nilikuwa namalizia K niliposikia gari. Ilikuwa saa tisa na robo.

"Wamewahi," alinong'ona.

Nikasukuma kikombe nyuma ya chungu cha maua. Brashi nikabaki nayo mkononi, sina pa kuitupa.

Taratibu alishuka peke yake, akasimama katikati ya barabara, akautazama mtaa mpaka mwisho wake.

"Fundi. Nini hiki?"

"Rangi, mkuu. Nyekundu ya zamani imepanda juu. Kosa langu, sikuiziba. Tazama, ni zote, hakuna hata mmoja uliopona."

Alikwenda kwa jirani, akaupitishia kidole gumba ubao wake, akakitazama. Akavuka kwa mwenye duka, akafanya vile vile. Kidole kilirudi kikavu.

"Kweli, imetoka chini," alisema. "Wewe ni mjinga, fundi."

"Ni mjinga, mkuu," nikasema, na nilikuwa na furaha ya kweli. Nilivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akageuka kurudi garini.

Kisha akasimama mbele ya ubao wa dada. Akainamisha kichwa.

"Huu mbona haujamaliza neno?"

Hakungoja jibu. Aliweka kidole kwenye K, akakiinua, akanionyesha. Ncha yake ilikuwa ya waridi.

"Huu ni mbichi," alisema kwa sauti yake ile ile ya upole. "Nani ameandika?"

Nyuma yangu kiti kililia. Sikuhitaji kugeuka. Nilijua dada amesimama, najua jinsi anavyojaza kifua kabla ya kusema, nimeusikia mvuto ule wa pumzi tangu nikiwa na miaka mitano.

"Mimi," nikasema.

"Ni mi..." alianza yeye.

"Mwalimu alikuwa ndani amelala. Hajui lolote. Nimeandika mimi, na brashi hii hapa."

Taratibu alimtazama dada, akanitazama mimi. "Taratibu, fundi," alisema, na milango ya gari ikafunguka.

Nilitaka kukimbia. Dada aliteremka ngazi bila viatu, akanipokonya brashi kabla hawajanishika.

"Nitaiosha," alisema. "Ikikauka itaharibika." Halafu akasema, kwa hasira, machozi yanamtoka, "Umeniwahi."

Walinipandisha nyuma ya gari. Tulipokata kona nilimwona mara ya mwisho siku ile. Alikuwa bado amesimama pale pale kando ya ubao, rangi inamdondokea miguuni, brashi hajaiosha.