Marehemu Yuko Kwenye Simu

Loredana alidanganya hata mkoba haujatua chini. Hakuwa amekusudia. Alikuwa amepanda kilima kwa miguu kutoka kituo cha basi, jua la Agosti likimchoma utosi, na Sista Gaudenzia, bawabu wa nyumba ya watawa, bibi mfupi mwenye ulimi mwepesi, akampokea langoni kwa bilauri ya maji na maswali mfululizo. Ametoka wapi? Ferrara. Ana mume? Hana. Watoto? Hana.

"Na mama, yu hai?"

Hapo Loredana akakwama. Akisema ndiyo, swali linalofuata alilijua: na anakaa na nani? Kwao, binti asiye na mume haulizwi kama anamtunza mama yake. Hilo huchukuliwa kuwa limeshakwisha.

"Hapana, sista. Alishatutoka."

"Maskini wee! Anaitwa nani, tumwombee?"

"Iolanda."

Huyo Iolanda, mzima kabisa ukiacha nyonga iliyovunjika, alikuwa Ferrara kwenye nyumba ya wazee. Loredana alimwambia ni likizo fupi tu, naye apumue kidogo, maana kwa miaka mingi alikuwa akimwinua, akimwogesha na kuamshwa usiku kucha. Kuchoka alikuwa amechoka, na mwenye kumlaumu ajaribu yeye. Ambacho hakumwambia ni kwamba pale kwa wazee palikuwa na chumba cha kudumu kwa ajili yake, na mkuu wa nyumba hiyo alikuwa akingoja jibu siku ya Ijumaa. Jibu lenyewe Loredana alikuwa nalo tayari. Alichokosa ni uso wa kulisema. Ndiyo maana alikuja kujificha kwa watawa, ambako vyumba ni safi, lango hufungwa mapema, na hakuna anayekuja kukutafuta.

Sijui nani alimdanganya kwamba kwa watawa mtu hujificha. Wale wakishapata jina la kuombea, hawaliachi. Jioni ileile kwenye Misa padri akatangaza nia: kwa ajili ya roho ya Iolanda, mama wa mgeni wetu. Watawa wote wakainamisha vichwa. Mmoja aliyekaa mbele yake akageuka na kumfinya mkono kwa huruma. Loredana akaitikia "Amina" pamoja nao, na hiyo Amina ndiyo iliyomuuma kuliko uongo wenyewe. Alikuwa amemwombea mama yake aliye hai apumzike kwa amani, na upande mmoja wa moyo wake haukupinga.

Mezani walimpa supu ya dengu, ule mkate wao usiotiwa chumvi, na kipande cha jibini kikubwa kuliko cha wageni wengine. Wenzake mezani wakakiona na kunyamaza, kwa heshima ya msiba.

"Kula, binti yangu," Sista Gaudenzia alimhimiza. "Mama yangu mimi alikufa nikiwa humu ndani, sikupewa ruhusa ya kwenda kumzika. Wewe angalau ulimshika mkono."

Loredana alitamani ardhi ipasuke immeze. Jibini alilimaliza, kwa sababu kuliacha kungezua maswali mengine.

Kesho yake alikuwa amekaa bustanini akiwasaidia kumenya maharage alipomwona Sista Gaudenzia anavuka ua, taratibu, simu ya ofisini mkononi. Loredana alikuwa ameizima simu yake tangu alipopanda treni. Alisahau kwamba namba ya watawa aliwaachia wale wa nyumba ya wazee, kwa dharura.

"Binti," Sista alisema. "Marehemu yuko kwenye simu."

Maharage yalimwagika yote.

"Mama?"

"Nasikia nimekufa," Iolanda alisema. "Huyo sista wa watu nusura azimie. Nilikufa na nini?"

"Mama, nisamehe, mimi..."

"Mazishi yalikuwa mazuri angalau? Yule Rosalba wa ghorofa ya chini alilia, au alikuja kula tu?"

"Mama, tafadhali."

"Usilie, mjinga wewe! Umenirefushia maisha!" Akaangua kicheko. Ndivyo wanavyoamini Waitaliano wote, wa milimani na wa baharini: ukizushiwa kifo, umri wako unaongezeka, na aliyekuzushia umshukuru. "Sasa nitafika mia. Utanikoma!"



Kisha kicheko chake kikafifia. "Lore, wamenionyesha chumba. Kizuri, dirisha linatazama bustani. Nimewaambia wamekosea mtu, mimi mwanangu anakuja kunichukua. Sanduku nimeshafunga. Nimewaambia kweli?"

"Kweli, mama."

Alilisema upesi, kwa sauti ileile ya langoni. Na Iolanda ndiye aliyemzaa. Sauti hiyo alianza kuijua Loredana akiwa bado anaiba sukari.

"Haya," mama alisema. "Kula vizuri huko." Akakata.

Sista Gaudenzia alikuwa amekaa kwenye benchi, anaokota maharage. Hasira hakuwa nayo, na Loredana aliona heri angekuwa nayo.

"Jioni tutamwombea tena," Sista alisema, "ila safari hii pamoja na walio hai." Akaokota punje nyingine, akaipuliza vumbi. Kisha akauliza, kama vile mgeni ndiyo kwanza anaingia langoni: "Na anakaa na nani?"

Loredana alifungua mdomo kusema "na mimi". Halikutoka.

"Na watu baki, sista," alisema, akafunika uso kwa mikono miwili.

Sista hakumwambia kwamba si kitu. Alimsogezea bakuli la maharage, wakaendelea kumenya.