Mwenyekiti Achangia Damu

Vasantrao Dhamankar, muuza masufuria wa mji wa Karad, India, alipata uenyekiti wa klabu ya huduma za jamii ya mji huo kwa sababu moja tu, na mwenyewe hakuificha: siku ya uchaguzi alikwenda msalani. Aliporudi alikuta wenzake wanapiga makofi na shada la maua limeshawekwa kwenye kiti chake.

Sasa alikuwa anaongoza kikao cha kupanga mwaka, ghorofani juu ya duka la dawa la katibu, Madhukar Sabnis. Chai ilikuwapo, vada za viazi za kukaanga zilikuwapo, wanachama ndio hawakuwapo. Wengine walishafariki, wengine walihamia Pune kwa watoto wao, na waliobaki wengi walionekana siku ya karamu tu.

"Kazi zetu zinajulikana mji mzima," Dhamankar alisema. "Tulipanda miti, ikaliwa na mbuzi. Mwaka uliofuata tukapanda palepale, na mbuzi walikuja wamenenepa. Tukatoa mabenchi stendi, majina yetu tukayaandika makubwa hata watu wakadhani ni tangazo la kliniki. Nani asiyetaka kujiunga na watu kama sisi?"

Sabnis hakucheka. "Tatizo ni kwamba tunawaomba watu wafanye tusiyoyafanya. Safari hii, kwenye siku yetu ya kila mwaka ya kuchangia damu, tuanze sisi. Na wa kwanza awe mwenyekiti. Wanaoafiki?"

Mikono ikainuka. Na wa Dhamankar ulikuwa juu, maana alikuwa anaomba bakuli la chatini.

"Imepita kwa kauli moja!" Sabnis akasema.

Nyumbani mkewe, Kumud, alicheka hadi akakaa chini. "Wewe, baba Ajit? Uliyechomwa sindano ya pepopunda ukaning'ang'ania mpaka bangili zangu zikavunjika?"

"Nitajikaza."

"Jikaze. Mimi bangili siji nazo."

Kweli, miaka yote Dhamankar alikuwa amepiga chenga. Mara yeye ndiye wa kupokea wageni, mara wa kupanga viti, mara ana mafua. Damu ya wenzake aliihimiza kwa sauti kubwa. Yake aliitunza kama yai.

Jumapili asubuhi ukumbi wa shule ulijaa kuliko walivyotarajia. Bi Rehana Mulani, mwenye chuo cha ushonaji, alikuja na wanafunzi wake, wote wanawake, wakasimama karibu na mlango tayari kukimbia. Dhamankar alijibandika kipaza sauti kidogo kifuani akaanza kunguruma.

"Ndugu zangu, msiogope! Ni kama kuumwa na sisimizi!"

"Mwenyekiti," Rehana akauliza, "wewe sisimizi huyo amekuuma mara ngapi?"

"Leo... leo ndiyo tunafungua rasmi."

Vicheko vikaanza hapo. Dhamankar akaketi, akakunja mkono wa shati, akafumba macho. Muuguzi akamwambia alegeze mkono, bado sindano yenyewe, kwanza anamdunga kidole tu apime kama damu inatosha. Dhamankar alihisi mdungo, akaona si kitu, akafumbua macho kujipongeza. Kwenye ncha ya kidole chake kulikuwa na tone la damu, dogo kama punje ya haradali.

Alianguka chini pamoja na bango la klabu lililosimamishwa nyuma ya kiti chake, lenye picha yake. Kipaza sauti hakikuanguka. Kwa hiyo ukumbi mzima, na wavuta sigara waliokuwa nje, walimsikia mwenyekiti akinong'ona: "Kumud... funga duka..."

Watu walivunjika mbavu. Rehana peke yake ndiye aliyemkimbilia, akamwinua miguu, akaagiza maji. Dhamankar alipopata fahamu alitamani sakafu immeze. Alianza kutafuta mlango wa nyuma kwa macho, akiwa ameshaamua kujiuzulu, na ikibidi kuhama wilaya. Ndipo akasikia mwanamke mmoja kule mlangoni akisema, "Ah! Huyu kaanguka na hajafa. Mimi naogopa nini?" Akaenda kuketi. Wenzake wakamfuata. Wanaume waliokuwa nje waliingia kumtazama mwenyekiti aliyeanguka, wakakuta wanawake wamejipanga foleni, wakaona aibu kutoka.

Daktari akamkataza Dhamankar kujaribu tena siku hiyo, akampa kazi ya kugawa chai na biskuti. Alipokuwa akizungusha sinia alimkuta Ganpat, mwanamieleka mwenye shingo kama gogo, anatetemeka kitandani.

"Usitazame," Dhamankar akamnong'oneza. "Mimi kosa langu nilitazama." Akampa mkono aushike. Ganpat aliubana karibu vidole vivunjike, lakini damu ilitoka, na wote wawili walibaki macho.

Kikao kilichofuata, Rehana na Ganpat walipanda ngazi za duka la dawa kuomba uanachama. Rehana alitaka kwanza kujua wanafanya nini mwaka mzima.

"Tunapanda miti," Dhamankar akajibu.

"Wapi?"

"Tumboni mwa mbuzi, dada."

Alicheka, kisha akasema atajiunga ikiwa miti itazungushiwa uzio na vikao vitaanza kwa saa iliyotangazwa. Ganpat akajitolea kuchimbia nguzo. Sabnis akapendekeza mwakani mwenyekiti aanguke tena, ila watafute bango lililochakaa. Walijadili jambo hilo kwa makini kuliko yote ya mwaka huo.

Dhamankar alirudi nyumbani jioni, akavua viatu. Kumud akamtazama.

"Wamekutoa uenyekiti?"

"Wameniongezea mwaka."

"Maskini!"

"Usinionee huruma. Nimezoea."

"Nani kakwambia ni wewe? Nawahurumia wao."