Mke Wangu Simpimi

Kitambaa kile alikijua. Fundi Mzee aliondoa mguu kwenye kikanyagio cha cherehani, gurudumu likazunguka kidogo peke yake likasimama, naye akabaki anatazama ng'ambo ya barabara. Kwenye kamba ya duka la mwenzake, katikati ya suruali za watu na sare za shule, lilining'inia gauni la kijani lenye majani madogo meusi. Kitambaa cha namna ile hakikuwa mtaani. Alikinunua yeye mwenyewe, mwaka ule aliopona homa kali, akampa mke wake kwa furaha ya kubaki hai. Mke akakikunja, akakiweka sandukuni chini ya mashuka, akasema kitangoja siku yake.

Siku yake ilikuwa imefika. Jumamosi binti wa mdogo wa mke wake anaolewa. Fundi Mzee alikuwa anangoja tu mke amletee kitambaa na kumwambia, baba watoto, nishonee. Mkasi alikwisha kuunoa. Sindano ya cherehani alikwisha kuibadilisha. Kumbe kitambaa kilishavuka barabara bila hata kumpitia.

"Jirani yako leo anashona kijani," alisema kinyozi kutoka mlango wa pili, huku anakung'uta taulo lake. "Kijani cha kupendeza hasa. Sijui ni cha mama gani."

Kinyozi alijua vizuri ni cha mama gani. Fundi Mzee akamjibu kwamba rangi ni nzuri lakini kitambaa chenyewe kinateleza, kinataka mkono uliokomaa, kisha akarudi kwenye pindo la suruali alilokuwa akilishona. Alilishona likaenda mshazari, akalifumua.

Zamani aliitwa Fundi tu. Mtaa mzima ulikuwa na mwoka mikate mmoja, kinyozi mmoja, fundi viatu mmoja na yeye, na ukisema nakwenda kwa Fundi hakuna aliyekuuliza yupi. Halafu akaja kijana, akapanga chumba cha ng'ambo kilichokuwa kinawekwa makreti matupu. Alikuja na cherehani moja na kioo kirefu kama mlango. Kila asubuhi alikitoa nje akakiegemeza ukutani, na kila aliyepita alipunguza mwendo kidogo, hata wanaume wenye haraka zao. Watu wakamwita Fundi wa Kioo. Na kwa kuwa sasa walikuwa wawili, ikabidi yule wa kwanza naye apewe jina la kumtofautisha. Hakuna aliyekusudia kumuudhi. Lakini jina hilo lilimwingia kama pini iliyosahauliwa kwenye kola.

Kioo chenyewe kilielekea dukani kwake. Kila alipoinua macho kutoka kwenye kazi alijiona: mgongo uliopinda, miwani iliyofungwa kwa uzi, tepu ya kupimia shingoni. Yeye alikuwa na kioo kidogo cha ukutani kinachoonyesha uso na kola. Mteja aliyetaka kuona pindo la gauni lake alipanda kwenye kigoda, na hapo tena uso ukapotea.

Kilichomchoma zaidi ni asubuhi za mke wake. Miaka yote alipenda kumtazama akizunguka mtaa. Alianza kwa mwoka mikate, akatoka na mkate wa moto na kumega ncha yake akitembea. Akasimama kwa muuza mboga, wakataniana kuhusu nyanya zilizonenepa upande mmoja. Akaacha kiatu kwa fundi viatu, akaulizia mgonjwa wa watu, akamwombea dua papo hapo barabarani. Mwisho alifika dukani na chupa ya chai, akaketi kwenye kigoda akamsimulia mtaa wote, na Fundi akawa amezunguka nao bila kuondoka kwenye kiti.

Siku hizi mzunguko huo ulikuwa na kituo kipya. Mke alisimama mbele ya kile kioo. Alijigeuza hivi, akajigeuza vile, akacheka na kijana. Walichosema Fundi Mzee hakukisikia kwa kelele ya cherehani, na angeisimamisha wangejua anasikiliza. Basi alitoa kitambaa kwenye meno ya cherehani, akawa anakanyaga polepole, sindano inatoboa hewa, sikio liko ng'ambo. Hata hivyo hakusikia kitu.

Na wakati wote huo alikuwa na neno lake la kujivunia, ambalo kinyozi alilijua kwa moyo: "Wateja nawapima. Mke wangu simpimi. Namjua."

Jioni ile nyumbani alijaribu kumchimba. Mke alikuwa anapiga pasi shati lake, redio inaimba chini chini, chai imefunikwa na sahani. Akamuuliza, kama mtu aliyekumbuka ghafla, kile kitambaa cha kijani bado kipo? Mke akasema kipo. Pasi ikaenda ikarudi. Akaongeza kwamba kipo mahali salama. Fundi Mzee akanywa chai asisikie sukari. Alimtazama akikunja mikono ya lile shati vizuri, kwa upendo uleule wa siku zote, na upendo huo ukamzidishia hasira, maana hakupata mahali pa kuishika.

Kesho yake, adhuhuri, Fundi wa Kioo alivuka barabara. Alimwamkia shikamoo kwa heshima, akasema vifungo vimemwishia, anakimbia sokoni mara moja, tafadhali mzee wangu amwangalizie duka. Ndivyo mtaa ule ulivyofanya kazi. Hakuna aliyefunga mlango kwa ajili ya safari fupi; jirani alikuja na kigoda chake akakaa. Fundi Mzee akachukua kigoda, akavuka.

Alikaa. Alitazama barabara. Kisha akasimama, akaliteremsha gauni la kijani.

Kwanza aligeuza ndani nje, maana uongo wa fundi uko ndani. Alitafuta mshono uliokimbia, akakosa. Alitafuta mahali kitambaa kilipovutwa ili kifike, akakosa. Mikono ilikuwa imekaa sawa mabegani, majani meusi yamekutana kwenye ubavu kama hayakuwahi kukatwa. Kijana alikuwa anajua kazi.

Halafu akatandaza shubiri zake kiunoni. Akarudia. Akapima na kifua.

Lilikuwa pana.

Moyo ukatulia kama mtu aliyekunywa maji ya baridi. Pana kiunoni, pana kifuani, pana kila mahali. Kijana mzima na kioo chake chote, amekosea vipimo vya mwanamke mmoja. Fundi Mzee aliuona mwili wa mke wake mkononi kama anavyoiona njia ya kwenda msalani gizani. Akawaza kuliacha hivyo hivyo, kijana aaibike. Likamjia wazo jingine, tamu zaidi. Angelirekebisha. Mke atalivaa Jumamosi, litamshika panapotakiwa kumshika, na mwili wake utajua ni mkono wa nani.

Akakaa kwenye cherehani ya mwenzake. Ilikuwa nyepesi, imetiwa mafuta, nayo pia ikamuuma. Akafumua mbavu zote mbili, akapunguza, akashona upya. Kitambaa kilichobaki ndani hakukikata. Mkasi aliushika, lakini mkono ulikataa, maana baba yake alimfundisha kutokata akiba ya nguo kabla mwenyewe hajaivaa. Kwenye mwisho wa kila mshono alifunga fundo, akaurudisha mkia wa uzi ndani kwa sindano ya mkono, ukazama kitambaani usionekane. Gauni likarudi kwenye kamba.

Kijana aliporudi alimletea chungwa, kama shukrani. Fundi Mzee alilipokea, akavuka nalo, akaliweka juu ya meza ya kukatia. Hakulimenya.

Mke alikuja kulijaribu siku iliyofuata, saa ya kivuli, kinyozi akiwa na mteja mmoja na muda mwingi. Aliingia nyuma ya pazia. Alikaa huko. Alipotoka alikuwa amejifunika mtandio mabegani, mkono mmoja umeshika ubavu, zipu ya mgongoni imeishia njiani. Kupitia kile kioo Fundi Mzee aliuona uso wake wote. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameona haya, kama mtu aliyefumaniwa anakula peke yake.

Kijana akavuta zipu, ikagoma. Akachukua tepu akapima, akapima tena, akashika kichwa.

"Dogo, mama wa watu ulimpima kwa macho nini?" kinyozi alipaza sauti, na mteja wake akacheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

"Nisamehe, mama," kijana alisema. "Kweli nisamehe. Sijui akili yangu ilikuwa wapi."

Hilo ndilo Fundi Mzee alilokuwa analingoja tangu kioo kile kitolewe nje asubuhi ya kwanza. Sasa lilikuja, na hakujua alipeleke wapi. Alimwona kijana akiivua tepu shingoni na kuiweka chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa si yake.

Mke alirudi nyuma ya pazia, akatoka amevaa nguo zake. Lakini hakuliacha gauni. Aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavu mpaka mwisho wake, kidole kikasimama. Kikarudi, kikasimama palepale. Ndipo akainua macho, akamtazama mume wake ndani ya kioo, bila kugeuka.

Alivuka barabara polepole, akaliweka gauni juu ya kazi ya mumewe, kando ya chungwa.

"Huu mkia wa uzi," alisema, "nani kaufundisha kujificha hivi?"

Walipooana Fundi Mzee alimfundisha mke kazi hiyo, akawa anakaa kwenye kigoda kilekile anaficha mikia ya nyuzi huku mume anakanyaga. Hapakuwa na mikono mingine mtaani iliyofanya vile.

"Lilikuwa pana," akasema mwisho. "Kijana alikosea. Nimeliweka kwenye kipimo chako."

"Kipimo changu cha lini?"

Jibu lilikuwa gauni jeupe la harusi yao, na msichana aliyesimama mbele yake akizuia pumzi kwa aibu alipompima.

Mke hakupandisha sauti. Aliinua mkono wake wa kushoto, akamsogezea ubavu kwenye mwanga wa mlango. Gauni alilovaa alilishona yeye Fundi mwaka jana, alilikumbuka. Lakini ubavuni, kutoka kwapani mpaka kiunoni, mshono wa cherehani haukuwepo tena. Palikuwa na mshono wa mkono, mdogo mdogo, wenye subira, na mkia wa uzi umefichwa.

"Hili," mke akasema. "Na lile la zambarau. Na la maua. Kila unaloshona nalifumua ukiwa dukani, nalipanua, nalivaa, unaniambia limenikaa. Nilikwambia mara ngapi linanibana, baba watoto? Unasema, wewe nakujua."

Alishusha mkono.

"Nimekuzalia watoto wanne. Nimenenepa, nimeshukuru Mungu, nimezeeka kidogo. Safari hii nilitaka nguo moja nisiyoifumua, basi. Yule kijana hanijui, ndiyo maana alipima. Alipofika hapa akaniuliza, mama, hapa unapumua vizuri?" Akagusa chini ya kifua. "Sijawahi kuulizwa."

Kwa kinyozi mkasi ulikuwa umeacha kulia. Fundi Mzee alijua wanasikilizwa, na kwa mara ya kwanza halikumsumbua. Alitazama mikono yake juu ya kitambaa cha kijani. Akataka kusema kwamba alimwonea wivu, kwamba alikaa hapo akishona hewa ili asikie kicheko chake kinasema nini. Maneno hayo yalikuwa makubwa kuliko mlango wa kinywa chake.

"Pima," mke akasema.

Akafungua mikono, akasimama katikati ya duka. Fundi Mzee akaivua tepu, akaizungusha kiunoni mwake, na ncha zake zikakataa kukutana pale alipozoea. Akailegeza. Akailegeza tena. Ilipita namba ya zamani, ikaendelea, naye akaifuata kwa dole gumba, taratibu, kama anayesoma jina kwenye bahasha. Alisikia harufu ya mkate kwenye nguo za mke wake. Alisikia pumzi yake ikiingia na kutoka chini ya tepu.

"Hapa," aliuliza, "unapumua?"

"Legeza kidogo."

Alilegeza. Alipima kifua, alipima mabega, alipima nyonga, hakuandika popote. Kisha akakaa na sindano ya kufumulia, akazifungua zile mbavu mbili, na akiba yote ilikuwepo ndani, haijaguswa. Alipoivuta cherehani karibu mke akamwekea kiganja juu ya gurudumu.

"Hapo sio pako," akasema. "Kazi ni ya kijana mwenyewe. Na anajilaumu mpaka sasa hivi."

Ng'ambo, Fundi wa Kioo alikuwa ameketi kwenye kizingiti, anachorachora vumbi kwa kipande cha chaki.

Fundi Mzee akalikunja gauni mara moja juu ya mkono wake. Akalitazama chungwa, akalichukua pia, hakujua kwa nini. Kinyozi alikuwa mlangoni na taulo begani. Akampisha.

Barabara ilikuwa tupu. Alipofika katikati yake akainua macho, na kioo kikamwonyesha mzee mmoja anakuja, mzima, kutoka kichwani mpaka kwenye viatu vyenye nyuzi, kijani kimemlalia mkononi. Nyuma yake, mlangoni pa duka lake, alisimama mwanamke mpana, mzuri, amekunja mikono, anamtazama kama atafika. Kijana akasikia hatua, akainuka akajipangusa vumbi, akamwambia shikamoo.