Sahihi ya Binti

"Anzia ku miguu," jirani yangu Mama Pétronille aliniambia, akinipa kitambaa kilicholowa. "Mutoto anaanziaka ku miguu."

Nikaanzia miguuni. Ilikuwa miguu ya mzee aliyebeba magunia ya madini kutoka machimbo ya Bisie kwa miaka mingi, enzi za wachimbaji wa mikono: nyayo ngumu, ukucha mmoja haupo. Wanawake wanne wa mtaa walisimama nyuma yangu wakiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na kila mmoja wao aliamini kwamba ninaosha maiti ya baba yangu. Nilikuwa binti yake kwa siku ya tatu. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi tu, na katika mtaa ule mwanafunzi si kitu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule yetu ya Goma ilitufundisha kazi ya mtu anayesimama pale daktari anapokosekana: kumhoji mgonjwa, kumpapasa, kuandika, kuamua nani anaweza kusubiri na nani hawezi. Mwaka wa tatu tulitawanywa kwa mazoezi, nami nikapelekwa katika hospitali moja ya misheni upande wa Walikale, ndani ya msitu, jina lake naliacha. Mimi ni mtoto wa Ngungu, huko Masisi. Nimezoea vilima vilivyo wazi, ambako ukikohoa asubuhi jirani wa ng'ambo anauliza kama umelala salama. Kule msituni miti ilimeza hata sauti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, na zile siku mbili za ugeni hakuna aliyekumbuka kunipa.

Sisemi kwamba walinitesa. Walinisalimia, nikawasalimia. Lakini nikikaribia sokoni kununua ndizi, maongezi yalikatika mpaka nipite. Jina langu, Drocella, lilidumu wiki moja, kisha nikawa "ule wa Masisi", na vita vilivyokuwa vikiendelea kwetu viliongeza uzito wa maneno hayo. Jioni nilikula peke yangu, sahani magotini, nikisoma daftari langu kwa sauti ili nisikie mtu anaongea. Kwa miezi minne hakuna aliyebisha mlango wangu. Nilikuwa mpweke kiasi cha kuwaonea wivu wagonjwa, maana kila mgonjwa alikuwa na ndugu anayempikia uani na kulala chini ya kitanda chake.

Aliyenisimamia alikuwa Papa Grégoire, mkuu wa wauguzi, mtu mwembamba asiyepoteza maneno. Siku ya kwanza alinipa kalamu na amri mbili. "Mu fishi, karatasi ya mugonjwa, unaandika kile uliona, si kile ulitaka kuona," alisema. Kisha akaongeza: "Na mwanafunzi haiko na famiye, haiko na ndugu, humu ndani. Usahau hiyo, utaumia."

Basi Jumatatu moja asubuhi kijana wa pikipiki alimshusha mzee mlangoni, akageuza na kuondoka bila hata kuzima injini. Mzee alikuwa na ngiri iliyokwama siku mbili. Alitapika, tumbo lilikuwa limejaa, na alipoguswa alifumba macho tu.

"Iko na nani?" Daktari Élie aliuliza. Ndiye aliyekuwa daktari pekee pale.

"Haiko na muntu," muuguzi alijibu, kisha akanitazama. "Lakini ni muntu wa kwabo. Amuulize."

Neno hilo "kwabo" lilikuwa likinichoma kila nilipolisikia. Siku hiyo nililishukuru. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamsemesha kwa Kinyarwanda, lugha ya kwetu, na uso wake ukafunguka. Nilimhoji kama tulivyofundishwa. Aliitwa Kanyamibwa. Maumivu yalianza alipoinua mtungi wa maji. Chakula cha mwisho kilikuwa ndizi mbivu ya kuchoma, aliyoipenda kuliko nyama. Alikuwa akilala ubavu wa kushoto tangu ujana. Mke alikuwa amekufa. Alikuwa na mtoto mmoja, Umurerwa, aliyeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, huko Bweremana, na walikuwa hawajaongea kwa miaka saba.

"Kwa nini, Papa?"

"Mama yake alipokufa nilikuwa machimboni. Nilipata habari mapema. Sikwenda."

Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika jibu hilo, nikaliacha.

Daktari Élie alisema ni lazima apasuliwe kabla ya mchana kuisha, la sivyo utumbo utaoza. Alisema pia kwamba hatashika kisu bila sahihi ya ndugu. Mwaka uliotangulia alimpasua mtu asiye na mtu, akafa, na ndugu ambao hawakuonekana alipoumwa wakaonekana na mawe. "Kidole yake mwenyewe haitoshi," alisema. "Niletee muntu wa famiye." Sikumlaumu, na hata leo simlaumu.

Nilipanda mbio hadi kwenye kilima kilichokuwa na rezo, mtandao wa simu. Namba ya Umurerwa haikupatikana. Nilipiga mara tisa, nikamwachia ujumbe kwamba baba yake yuko wapi na anapasuliwa leo, nikashuka. Nilipompapasa tena mzee, tumbo lilikuwa gumu kama meza. Alikuwa ananitazama.

"Papa, nikisaini mimi?"

Alifikiri kidogo. "Unajua kwamba anayesaini ndiye anayezika?"

"Hutakufa, Papa."

Mwaka wa kwanza, somo la kwanza, tulikatazwa kumpa mgonjwa ahadi hiyo. Niliitoa hata hivyo, kwa sababu alikuwa ameshaniita mwanangu mara mbili na nilitaka aniite ya tatu. Nilichukua fomu ya idhini, nikaandika jina langu, Muhawenimana Drocella. Penye uhusiano na mgonjwa niliandika "mtoto wake". Daktari alisoma, akanitazama, akaenda kunawa mikono. Maji yakimwagika hayazoleki.

Utumbo ulikuwa umekwisha kuoza. Alikaa siku mbili baada ya kupasuliwa. Nilimlisha uji kwa kijiko, nikafua shati lake, nikamgeuza ubavu wa kushoto. Wenye wagonjwa wengine, waliosikia kwamba binti yake amesaini, walinisogezea nafasi kwenye moto wa uani. Alikufa Jumatano, saa tisa alasiri, mkono wangu ukiwa kwenye mshipa wake, nikihesabu.

Papa Grégoire aliniita ofisini. Nilijua ananifukuza.

"Jina ya papa yako ya kweli iko mu dosiye yako ya shule," alisema. "Mi sijaisoma." Alifunga droo. "Lakini sasa uko na maiti, mwanangu. Muntu wako, umuzike."

Tulimzika kesho yake. Nilidhani mambo yataishia hapo, nirudi kwenye sahani yangu na daftari. Jioni hiyo Mama Pétronille alibisha mlango wangu akiwa na mkeka kwapani. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine, mmoja na kuni, mmoja na sufuria ya sombe ya majani ya muhogo. Walitandika, wakawasha moto, wakakaa. Walikuja kila siku kwa siku tisa. Waliniita kwa jina langu. Mmoja alinisuka.

"Papa yako alikuwa muntu wa aje?" waliuliza.

Niliwapa nilichokuwa nacho: kwamba alipenda ndizi mbivu ya kuchoma kuliko nyama, kwamba alilala ubavu wa kushoto, kwamba hakulalamika akiguswa panapouma. Walitikisa vichwa kukubali. "Ulimujua vizuri," Mama Pétronille alisema. Nikalia, wakalia nami, na katikati ya kilio kile nilikuwa na furaha. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu nifike pale sikuwahi kupendwa hivyo, na nilikuwa nimepata upendo huo kwa uongo.

Umurerwa alifika siku ya kumi na mbili baada ya mazishi. Barabara ya Masisi ilikuwa imefungwa na vita, akazungukia Bukavu na Hombo, kwa magari ya mizigo, kwa pikipiki, kwa miguu. Alifika kwanza sokoni, akajitambulisha, na kabla hajafika hospitalini mtaa mzima ulikuwa umejua. Naweza kusema sasa yaliyofuata upande huo: wiki sita zilizobaki Mama Pétronille alinisalimia kwa heshima kila asubuhi, wala mkeka haukuja tena.

Tulikutana ofisini kwa Papa Grégoire. Alikuwa mwanamke mfupi, viatu vimekwisha kwa matope, na alikuwa na macho ya baba yake.

"Weye njo ulisaini?"

"Ni miye, dada."

"Na ulilia?"

"Nililia."

"Ulilia juu yake ao juu yako?"

Ningeweza kumdanganya, uongo nilikuwa nimeshauzoea. "Juu yangu," nilisema.

Alikaa kwenye benchi. Alizungumza akitazama ukuta. "Siku tulizika mama, niliapa. Nikasema siku yake ikifika, akose muntu. Akose hata moja. Miaka saba niko nachunga hiyo neno." Akakwangua tope kwenye kiatu. "Kisha rezo inarudi, nasoma ujumbe yako, nashangaa miguu iko njiani. Nafika, nasikia bantu banasema alizikwa na mutoto wake, kilio siku tisa."

Nilisema pole, na neno lilikuwa dogo.

"Toa jina yako pale," alisema.

Papa Grégoire alitoa dosiye, faili la mzee, akafungua kwenye fomu ya idhini, akanipa kalamu. Nilitaka kulichorachora jina langu hadi lisionekane, nilifunike kwa wino, nitoboe karatasi.

"Drocella," alisema taratibu. "Kama vile tulikufundisha."

Kosa katika karatasi ya mgonjwa halifutwi. Linakatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, ili atakayekuja baadaye aone palikuwa na nini, kisha unaandika tarehe pembeni. Nikavuta mstari mmoja juu ya jina langu, na mwingine juu ya yale maneno mawili, "mtoto wake". Nikaandika tarehe.

Umurerwa aliinama akasoma, kidole kikifuata herufi.

"Bado inasomeka," alisema.

"Njo vile inabakiaka," Papa Grégoire alimjibu.

Nilidhani atakasirika. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika kwa kilio, halafu akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa kalamu.

"Na mi naandika wapi?"

Papa Grégoire alimwonyesha nafasi iliyobaki, chini ya jina langu.