Uso wa Shemeji Ukutani

Ukuta wangu wa mbele ndio historia ya jimbo hili. Ukitaka kujua nani na nani walitutawala, usijisumbue kwenda maktaba, njoo na kisu cha kukwangulia rangi. Nyumba yangu iko kona, inatazama mzunguko ambako magari yote hupunguza mwendo, kwa hiyo kampeni zikianza kila mgombea hutuma wapambe wake wamchore kwangu. Hawaombi ruhusa. Mwenye ukuta ni mshona nguo mjane, nani amwombe?

Wa chini kabisa ni Bwana Bomba, aliyeahidi maji. Tulipata mabomba, maji hatukuyaona, tukamtoa. Juu yake akachorwa Mwalimu, aliyehutubia bungeni mpaka wenzake wakasinzia. Tukamtoa. Akafuata Daktari wa Meno, ambaye tangu aapishwe hakufungua kinywa, na huyo tulimtoa kwa raha zaidi. Hakuna mbunge aliyewahi kurudi mara ya pili hapa kwetu. Barabara hatuna, taa hatuna, lakini kung'oa mbunge tunajua. Mimi mwenyewe sikuwahi kumpigia kura aliyeko madarakani, wala sikuwa na nia ya kuanza uzeeni.

Wa nne ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Namchukia, na sioni haya kulisema. Udongo wa kaburi la kaka yake haujakauka, alikuja na mtu wa kupima vyumba akaniuliza nitahama lini. Nilimtimua kwa mkasi wa kukatia vitambaa, na mpaka leo najuta kwamba alikuwa na mbio. Alipopata ubunge, ukaja mpango wa kupanua barabara. Mchoro wa kwanza ulipita kwenye kiwanja kitupu ng'ambo ya pili. Mchoro wa pili ukapita sebuleni kwangu. Kiwanja kile ni cha rafiki yake, kila mtu anajua. Wakaja watu na rangi nyekundu ya mafuta, wakapiga alama ya X kwenye kila nyumba ya safu yetu, yangu ikiwa ya kwanza.

Basi uchaguzi ulipokaribia tulikuwa tunamsubiri kwa hamu. Kinyozi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anawanyoa wateja huku akiwaapisha kwamba watamng'oa.

Siku moja nilikwenda kununua nyuzi. Kurudi, namkuta shemeji ananichekea ukutani, meno yote nje, ukubwa wa mlango wa gereji. Wapambe wake, kwa haraka zao au kwa ujinga wao, walikuwa wamempaka palepale juu ya ile X bila hata kujiuliza ilikuwa ya nini. Rangi yenyewe ya maji, ya bei ya kutupa. Damu ilinichemka. Nilichota ndoo ya maji ya sabuni, nikachukua brashi ya kufulia, nikaanza na pua.

Nikasikia ngurumo. Tingatinga lilikuwa limesimama nyuma yangu, na msimamizi wa ujenzi anashuka na kofia yake ya plastiki.

"Mama, tumekuja kubomoa," alisema. Kisha akainua macho. Akavua kofia. "Huyu si mheshimiwa?"

"Ndiye. Bomoa."

"Nibomoe uso wa mheshimiwa, wakati huu wa kampeni, watu wakiwa na simu zao? Kibarua changu kiote nyasi?" Aligeuka akampungia dereva mkono arudi nyuma. "Akishinda, hapa sigusi. Akianguka, narudi kesho yake asubuhi."

Aliondoka na tingatinga lake. Mimi nikabaki na brashi mkononi, povu likimtiririka shemeji puani. Niliimwaga ile ndoo mtaroni. Halafu nikalia, kwa hasira, si kwa kitu kingine.

Kinyozi alikuwa ameona yote mlangoni kwake. "Dada," aliniuliza kwa sauti ya chini, "hao wapambe wanapatikana wapi?"

Wiki haikuisha, kuta za safu nzima zilikuwa zinacheka kwa meno ya shemeji. Muuza mkaa, ambaye shemeji alimnyang'anya banda, alidai kwake mheshimiwa achorwe na shingo na tai, ili ukuta wote ufunikwe.

Shemeji mwenyewe akaja na msafara kujionea. Alinishika mkono mbele ya kamera.

"Shemeji, nilijua tu ipo siku utanipenda."

"Nimekuombea sana," nilimwambia. Sikudanganya, nilimwombea mengi.

"Na yale ya nyumba, tuyasahau. Mimi na wewe ni familia."

"Kwa hiyo alama ya X umeifuta, shemeji?"

"X gani?" Alikuwa tayari anampungia mtu mwingine mkono.

Siku ya kura nilisimama kwenye kile kibanda cha kadibodi mpaka msimamizi wa kituo akakohoa. Nilimwona marehemu mume wangu akinitazama. Nikaweka alama kwa shemeji, nikaikunja karatasi haraka kama mtu aliyeiba. Nje nilimkuta Kinyozi amekaa kwenye ukingo wa mtaro, anasugua wino wa kura kidoleni.

Shemeji alishinda kwa kura chache, zile za safu yetu. Redioni walisema jimbo korofi limepata mtu linalompenda, wa kwanza kurudishwa tangu jimbo lianzishwe. Akahojiwa, akasema siri ni kukaa karibu na wananchi.

Nyumba zetu zimesimama. Lakini rangi yake ni ya maji na ile nyekundu ni ya mafuta. Kila mvua ikinyesha meno yanayeyuka, mashavu yanashuka hadi kidevuni, na X inaanza kumtokeza usoni. Msimamizi wa ujenzi hupita pale mzungukoni kila siku na gari lake, akipunguza mwendo. Kwa hiyo mvua ikikatika tu tunatoka sote na makopo yetu. Kinyozi anashika ngazi, muuza mkaa anakoroga rangi, nami napanda. Nimekwishazoea. Naanza na macho, kisha pua, na mwisho, kwa mkono wangu huu huu uliomtimua kwa mkasi, namrudishia shemeji tabasamu lake.