Volti Kumi na Mbili Nukta Tisa

Chuoni kwetu kupika vipimo hakukuwa kosa, kulikuwa ujuzi. Unaingia maabara ya elektroniki saa mbili asubuhi, unakokotoa jibu kutoka kitabuni, unalipunguza kidogo hapa na kuliongeza kidogo pale ili lionekane limetoka kwenye mita, na saa nne uko kantini unakunywa chai. Mimi nilikuwa mpishi hodari. Mwaka wa pili nilikamatwa kwa sababu nilisahau hata kuwasha mashine, nikapewa barua ya onyo: ukirudia, unaondoka. Tangu hapo nikawa mpishi mwangalifu.

Mwenzangu wa benchi hakujua hata kuchemsha maji. Tulimwita Nukta, kwa sababu ukimuuliza mita imesema ngapi atakusomea tarakimu zote mpaka ile ya mwisho kabisa. Alikuwa anarudia mwaka, na kanuni ilikuwa wazi kwamba hakuna kurudia mara ya pili. Mtihani wa vitendo wa muhula ule ndio ulikuwa nafasi yake ya mwisho. Akianguka, anarudi nyumbani kwa mama yake, mshona nguo aliyemlea peke yake.

Asubuhi ya mtihani, tukiwa mlangoni na darasa zima, akaniambia kwa sauti, "Leo tusipike, dada. Leo tupime." Watu wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, hilo nalijua. Lakini hasira yangu ni kama pasi ya mkaa, haipoi upesi, nikaingia nayo ndani.

Kazi ilikuwa amplifaya ndogo ya chipu moja. Unaipa volti kumi na mbili, unaiingizia volti kidogo kidogo, unapima zinazotoka. Zinapanda, zinapanda, halafu zinagota karibu na kumi na moja, maana huwezi kuchota ndoo mbili kwenye ndoo moja. Tulitumia mita moja, lakini kila mtu aliandika ripoti yake, na kujadili majibu kulikatazwa.

Nukta alipoenda kumwomba fundi wa maabara waya, nikapima chanzo chenyewe cha umeme. Sindano iliyo kwenye uso wa chanzo ilionyesha kumi na mbili. Mita yetu ya tarakimu ikasema kumi na nne nukta tatu. Nikaelewa palepale. Betri ya ndani ya mita ilikuwa inakwisha, na mita ya namna ile betri ikichoka hutia chumvi kila inachosoma. Alama ya betri ilikuwapo kwenye kioo, ndogo, imefunikwa nusu na karatasi ya namba ya benchi. Ubaya wa tarakimu ndio huo. Sindano ikiwa na shaka hutetemeka, lakini tarakimu hukukazia macho.

Ningenyoosha mkono tu, fundi angeleta mita nyingine. Sikunyoosha. Nilijiambia sheria inakataza kuongea, nikaanza kupunguza kila kipimo kwa uwiano uleule, kichwani, kimya kimya. Moyoni nikasema, haya bwana mkweli, pima sasa.

Akapima. Alipofika mwisho akaona kumi na mbili nukta tisa, akakunja uso. Akarudia mara ya pili na ya tatu. Akaitazama sindano ya chanzo, akaitazama mita, nikaingiwa na hofu kwamba atapima chanzo chenyewe pia. Kisha nikaionea aibu hofu ile. Fundi akatangaza dakika tano. Nukta akaandika 12.9, na chini yake, kwa mwandiko wake wa mtoto mtiifu: Kipimo hiki sikielewi, lakini ndicho nilichokiona.

Wiki mbili baadaye akaitwa mbele ya kamati kwa kosa la kughushi vipimo. Niliposikia nilicheka, kisha nikaacha.

Mimi niliitwa kama shahidi. Mezani walikaa mkuu wa idara, mhadhiri wetu na fundi wa maabara. Mhadhiri, mama asiyependa mzaha, alikuwa ameipigia mstari mwekundu ile sentensi ya Nukta. Aliona kijana anamdhihaki.

"Chanzo ni volti kumi na mbili," akamwambia. "Hizi za ziada umezitoa wapi?"

"Kwenye mita, mwalimu."

"Fundi ameikagua. Ni nzima."

Fundi akakohoa. "Mimi mwisho wa mwezi nabadilisha betri zote. Nimebadilisha kabla sijaambiwa kuna kesi. Sasa ipi ilikuwa imechoka na ipi nzima, mkuu, nitajuaje? Zote natupa pipa moja."

Mkuu wa idara akanigeukia. "Binti, wewe ulitumia mita hiyohiyo. Ilikuwa na tatizo?"

Swali hilo nilikuwa nimelala nalo siku tatu. Nikisema ndiyo, wataniuliza vipimo vyangu vilivyonyooka nilivipata wapi, na mtu mwenye barua ya onyo haaminiki. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ningeweza kusimama ubaoni nikawaonyesha hesabu yenyewe kwa dakika mbili, na wangeamini. Lakini wangeuliza pia kwa nini nilimwacha mwenzangu apotee, na jibu la hilo sikutaka lisikike chumbani mle.

"Haikuwa na tatizo," nikasema.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu naitembea mpaka leo.

Mhadhiri akamsogezea Nukta ripoti yangu ajionee vipimo vya kweli. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anagawanya, chake kwa changu, chake kwa changu, na jibu lilikuwa moja mpaka chini. Si mtu wa kukosa kuliona. Akainua uso akanitazama bila hasira, kama aliyepewa habari ya msiba na anatafuta pa kuketi.

"Una la kusema?" mkuu akamuuliza.

Akaifunga ripoti yangu, akairudisha mezani. "Hapana, mkuu," akasema. "Labda nilisoma vibaya."

Ijumaa mama yake akaja kumchukua. Nilimkuta chini ya ngazi za bweni akilinda begi, sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule dada wa benchi?"

"Ndiyo, mama."

"Kaniambia habari zako. Na wewe wamekupitisha?"

"Wamenipitisha."

Akashusha pumzi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu ashukuriwe. Mwenzio siku zote hizi chakula hakipiti. Namwambia jitetee, baba, sema lolote. Ananiambia, mama, nikijitetea watamwondoa na yule dada."

Nukta alikuwa anashuka na sanduku la vitabu. Nikalishika upande mmoja, hakukataa, tukalibeba hadi getini mama akiwa katikati yetu ananiombea heri. Hata hapo sikusema.